Panya waliobadilishwa jeni na kidonda cha ngozi: namna ya kuifanya kazi hii ukiwa huku kwetu kwenye baridi

Shangazi yangu kule Tukuyu alikaa na kidonda cha kisukari chini ya mguu karibu mwaka mzima, kinafunga kidogo kinafunguka, wiki hii kinasafishwa wiki ijayo kimerudi pale pale, mpaka akakatwa vidole viwili. Mi niko kwenye hii kazi ya vidonda kwa sababu yake. Kila mwanafunzi anayekuja kuniambia dada nataka kutumia panya waliobadilishwa jeni kusoma ngozi inavyopona, kabla ya yote namwambia hivi: panya ukimtoboa mgongoni jeraha la milimita 6, kwa siku 10 hivi limeshajifunga, na sio kwamba ana dawa ambayo shangazi hakuwa nayo, ni kwamba ngozi yake imekaa kama shati lililolegea na chini yake kuna utando mwembamba wa msuli unaovuta kingo za jeraha zikutane. Ngozi yetu sisi imeshikana na nyama ya chini, jeraha letu linajaa nyama mpya kutoka chini alafu ngozi changa inatambaa juu yake taratibu. Sasa usipolijua hilo utapima nguvu ya kuvuta ukidhani unapima kupona, na jeni uliyohangaika kuitoa itaonekana haina kazi, au itapewa kazi ambayo sio yake.

Panya ninaowasema ni wale wadogo wa gramu 20 hadi 30, sio panya buku.

Kwa nini usumbuke na hawa wa kubadilishwa jeni? Kwenye jeraha kuna seli za kila aina zinafanya kazi kwa mpigo, damu inaganda, chembe nyeupe zinaingia, fibroblasti (seli za tabaka la ndani la ngozi) zinaweka kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi nguvu, keratinosaiti (seli za ngozi ya juu) zinatambaa, na njia ya uhakika ya kujua protini moja inafanya nini ni kuiondoa uone nini kinakwama. Teknolojia ya kuondoa jeni moja kwa panya ndiyo iliyowapa Capecchi, Evans na Smithies tuzo ya Nobel mwaka 2007. Na majibu yake kwenye ngozi hayatabiriki hata kidogo. Mwaka 1996 ilionekana panya wasio na plazminojeni, protini ya damu, vidonda vyao vinakwama, kwa sababu keratinosaiti zinashindwa kuyeyusha fibrini, nyuzi za damu iliyoganda, ili zipenye chini ya gaga. Mwaka huo huo panya walioondolewa jeni ya Fgf7, ambayo wengi waliamini ndiyo injini ya ngozi mpya, wakapona kawaida kabisa, inavyoonekana protini za ukoo ule ule zinashika nafasi yake. Mwaka 1999 panya wasio na Smad3, protini inayopeleka ishara ndani ya seli, wakapona haraka kuliko wenzao wazima. Kwa hiyo ukipata jibu kwamba hamna tofauti, hilo nalo ni jibu, usilifiche.

Kabla hujaagiza panya amua unamtaka yupi. Ukitoa jeni mwili mzima, panya anaweza kufa tumboni, au akaishi na ugonjwa mwingine ambao ndio utakaochelewesha kidonda. Ndio maana wengi siku hizi wanatumia mfumo wa Cre na loxP, jeni inawekewa alama za loxP pande mbili, na kimeng'enya cha Cre kinaikata kwenye seli unazotaka tu: K14-Cre kwa keratinosaiti, LysM-Cre kwa makrofaji na nyutrofili, chembe nyeupe zinazokula vijidudu. Kuna Cre inayosubiri kuamshwa na dawa ya tamoksifeni, hiyo inakuwezesha kuitoa jeni panya akiwa mtu mzima. Ukitaka panya wa kisukari, db/db ndiye anayetumika sana, mabadiliko yake kwenye kipokezi cha leptini, homoni ya shibe, yalijitokeza yenyewe bila mkono wa mtu, yakaelezwa mwaka 1966 kutoka Jackson Laboratory kule Bar Harbor, Marekani. Huyo kidonda chake kinapita wiki 3 hakijafunga. Ila db/db hazai, unazalisha kwa wazazi waliobeba nakala moja moja, na nenda naye kwa uangalifu maana ni mnene na mgonjwa, nusu kaputi inamwelemea upesi.

Vibali sitakaa sana hapa. Kamati ya maadili ya chuo chako, kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na kwa sababu hawa wamebadilishwa jeni unaguswa pia na kanuni za usalama wa bioteknolojia za 2009 zilizo chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Anza mapema. Dawa ya maumivu ya buprenofini nayo inadhibitiwa, kibali chake usikingoje wiki ya upasuaji. Na daktari wa mifugo awe kwenye timu toka siku ya kwanza, haya ninayoandika hayawezi kuchukua nafasi ya mtu aliyesimama pembeni yako anakuonyesha kwa mkono.

Sasa chumba, na hapa ndipo nyanda za juu zinapotuumbua. Miongozo mingi imeandikwa na watu wenye majengo ya joto la kudumu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, Makete na Njombe ndo usiseme. Panya kwa asili yake anastarehe kwenye nyuzi kama 30, maabara nyingi zinamweka kati ya 20 na 24 na kumpa vitu vya kujengea kiota. Chumba kikishuka hadi 14 usiku, chakula chote anachokula kinaishia kwenye kujipasha joto, damu inapungua kwenye ngozi, kidonda kinachelewa, alafu wewe unakuja kuandika jeni fulani inachelewesha kupona kumbe kundi moja lilikuwa rafu ya karibu na dirisha. Hii nimeiona kwa macho yangu, kazi ya miezi mingi ya mwenzangu ikatupwa kwa sababu keji za kontroli, panya wa kulinganishia, zilikaa upande wa ukuta uliopigwa na jua na zile zingine upande wa baridi. Weka hita yenye kidhibiti joto, weka kipimajoto kinachorekodi usiku kucha kwenye kila rafu, na changanya keji za makundi yote kwenye kila rafu. Umeme ukikatika hita inazima, kwa hiyo jenereta au betri na inveta ziingie kwenye bajeti, na kila keji iwe na karatasi laini au pamba ya kutosha panya ajifunike.

Matandiko: watu wanafurahi kwamba maranda yamejaa, Mafinga kule kwenye msitu wa Sao Hill unapakia mpaka unachoka. Lakini yale ni ya mpaini, na maranda mabichi ya mpaini yanatoa mvuke wenye harufu unaoamsha vimeng'enya vya ini. Tamoksifeni inageuzwa kuwa dawa kali zaidi na ini hilo hilo. Umeona tatizo lilivyo? Tumia karatasi iliyosagwa, na kama hamna njia nyingine, maranda yaliyokaushwa kwa joto kali, na yawe ya aina moja toka mwanzo hadi mwisho wa kazi. Chakula nacho, pumba na mahindi ya hapa yaliyohifadhiwa vibaya yanaweza kuwa na sumukuvu, inayoumiza ini na kushusha kinga, kwa hiyo kama mnachanganya chakula wenyewe pelekeni sampuli ipimwe. Hifadhi kwenye mapipa yenye mfuniko, maana msimu wa mavuno panya wa shambani wanahamia majumbani na wakiingia chumbani wanaleta utitiri na minyoo. Milango iwe miwili, na chini ya mlango kibao kirefu ambacho panya haruki, sio tu wa nje wasiingie, bali na wa kwako wenye jeni zilizobadilishwa wasitoke.

Kitu kingine cha mwinuko kinachosahaulika. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ile hatua ya kuyeyusha kipande cha sikio la panya kwenye sodiamu haidroksaidi ili usome jeni zake inataka 95, ukitumia sufuria ya maji hutaifikia, tumia mashine yenyewe ya PCR, ile ya kunakili DNA, au bloku ya joto. Otoklevu pia, ile sufuria ya mvuke ya kuua vijidudu, ukiiweka presha ya paundi 15 kama mwongozo unavyosema, Dar utapata nyuzi 121 ila Mbeya hutafika, unahitaji karibu paundi 18. Angalia kipimajoto, presha peke yake itakudanganya.

Kuwasafirisha: kama wanatoka nje, ni bora waunganishe ndege mpaka Songwe kuliko kuwapandisha Kitonga kwenye foleni ya malori, ila panga na siku ya akiba kama ukungu ukizuia ndege kutua. Wakifika waache angalau siku 7 wapumzike bila kuguswa.

Uzazi ndio unaokula muda kuliko kitu chochote na ndipo majibu mengi yanapoharibika kabla hata mkasi haujaguswa. Chukua mfano wa K14-Cre. Baba ana Cre na nakala moja ya loxP, mama ana nakala mbili za loxP na hana Cre. Kwenye watoto, robo watakuwa na Cre na loxP mbili, hao ndio waliopoteza jeni kwenye ngozi, robo nyingine wana loxP mbili bila Cre, hao ndio kontroli zako, na nusu iliyobaki wana loxP moja. Kwa hiyo ukitaka 8 kwa kila kundi unahitaji watoto kama 32, na ukitaka jinsia moja tu ni 64, na jike anazaa 6 hadi 8 kwa mara moja, piga hesabu mwenyewe majike mangapi ya kupandisha wiki moja ili watoto wawe rika moja. Mimba ni siku kama 20, kuachishwa kunyonya siku ya 21, alafu unasubiri wafike wiki 7 au 8, yaani toka kupandisha mpaka jeraha la kwanza ni karibu miezi mitatu. Mwambie msimamizi wako mapema.

Kwa nini baba ndiye abebe Cre? Kwa sababu K14 inafanya kazi hata kwenye yai la mama, mama akiwa na Cre anaweza kukata jeni kwenye yai lenyewe na watoto wakakosa jeni mwili mzima wakati we unaamini ni kwenye ngozi tu. Hili dogo limewapoteza watu wengi. Na kontroli ziwe ndugu wa mzao mmoja, usinunue panya wa kawaida kutoka kwingine ukawalinganisha na wa kwako, wamekulia tofauti, vijidudu vya tumboni tofauti, hata damu ya ukoo tofauti. Ongeza pia kundi dogo lenye Cre bila loxP, maana Cre yenyewe inaweza kuumiza seli. Kama unatumia tamoksifeni, dozi inayozoeleka ni miligramu 75 kwa kilo kwa siku kwa siku 5, unaiyeyusha kwenye mafuta ya mahindi miligramu 20 kwa mililita, nyuzi 37 usiku kucha ikitikiswa, imefunikwa isipate mwanga. Kontroli nazo zichomwe dozi ile ile, kwa sababu dawa hii inashika vipokezi vya estrojeni na inagusa kupona kwa ngozi yenyewe kama yenyewe, alafu subiri wiki moja au zaidi kabla ya kukata. Dada mwenye ujauzito asiishike kabisa.

Soma jeni (jenotaipu) za kila mtoto kwa PCR ya kipande cha sikio, na rudia panya akishakufa mwisho wa kazi. Kipande cha ngozi kipime pia kama protini imetoka kweli, Cre kuwepo hakumaanishi imekata.

Alafu kuna nywele. Vinyweleo vya panya vinalala na kuamka kwa mizunguko, na ngozi ambayo vinyweleo vimeamka inapona haraka zaidi. Kwa panya weusi wa C57BL/6 unaona kwa macho, ukimnyoa ngozi ikiwa ya pinki vimelala, ikiwa ya kijivu au nyeusi vimeamka. Usingizi wa pili unaanza karibu wiki ya 7 na unakaa wiki kadhaa, hapo ndipo pa kufanyia kazi. Mwenye mabaka meusi mrudishe kwenye keji, hata kama unamhitaji. Nyoa siku moja kabla kwa mashine, krimu ya kuondolea nywele ikae muda mfupi sana uifute kwa maji ya vuguvugu, ikizidi inachoma ngozi. Usinyofoe nywele kwa nta, kunyofoa kunaamsha vinyweleo.

Siku ya upasuaji. Buprenofini iingie kabla ya kisu, miligramu 0.05 hadi 0.1 kwa kilo. Panya wa gramu 25 kwa dozi ya 0.1 anahitaji maikrogramu 2.5, kwa hiyo dawa ya miligramu 0.3 kwa mililita unaipunguza mara 10 kwa maji ya chumvi unamchoma kama mililita 0.08 chini ya ngozi, na unarudia kila saa 8 hadi 12, usiku pia, panga zamu. Dawa za jamii ya diklofenaki zinagusa uvimbe ambao ndio unaousoma, jadili na daktari wa mifugo, ila kumwacha panya na maumivu ili data iwe safi hilo halikubaliki, na maumivu yenyewe yanavuruga kupona. Gesi ya isoflureni asilimia 3 hadi 4 kumlaza, 1.5 hadi 2 kumshikilia, mafuta ya macho, chini yake pedi ya joto ya nyuzi 37. Kwa baridi ya huku panya aliyenyolewa na kulazwa anapoa ndani ya dakika chache, wanaokufa mezani wengi wanakufa kwa baridi.

Safisha ngozi, weka jeraha kati ya mabega, moja kila upande wa uti wa mgongo, pale mdomo wake haufiki. Kwa panchi ya bayopsi (kisu cha duara) ya milimita 6 weka alama, alafu kata kwa mkasi mdogo mpaka upite ule utando wa msuli. Sasa pete. Njia iliyoenea tangu 2004 ni pete ya silikoni yenye tundu la milimita 10, unaigandisha kuzunguka jeraha kwa gundi ya ngozi na kuishona nyuzi 6 hadi 8 za nailoni, hiyo inazuia ngozi isivutwe na jeraha linalazimika kupona kama letu. Gundi isiguse jeraha. Funika kwa plasta inayoonyesha ndani. Kila mmoja akae keji yake, madume hasa, wanang'atana vidonda.

Kagua kila siku. Pete ikilegea jeraha hilo linatoka kwenye hesabu toka siku hiyo, na kanuni hiyo uiandike kabla hujaanza, usije ukaamua ukishaona namba. Pima uzito, aliyepoteza asilimia 20, au anakaa amejikunja hali, au ana usaha unaoenea, anauawa bila maumivu, bila kungoja siku yako ya mwisho.

Picha piga siku ya 0, 3, 5, 7, 10 na 14, kamera urefu ule ule, rula ndani ya picha, taa ile ile. Kwenye ImageJ, programu ya bure ya kupima picha, zungushia ukingo upate eneo, ligawe kwa eneo la siku ya 0 la jeraha hilo hilo. Anayezungushia asijue panya ni wa kundi gani, mpe picha zenye namba tu. Na majeraha mawili ya panya mmoja sio panya wawili, chukua wastani wake, nimesoma ripoti nyingi mno zenye majeraha 16 ambazo ndani yake kuna panya 8.

Picha ya nje haitoshi, gaga linadanganya, chini yake ngozi inaweza kuwa imeshafunga au bado wazi. Kata ngozi yote pamoja na ukingo mzima, igawe katikati kabisa kwa mwelekeo wa kichwa kwenda mkia, alafu nusu moja ilaze tambarare kwenye karatasi kabla ya formalini isijikunje, saa 24. Hapa msikilizeni dada yenu: ukikata pembeni badala ya katikati, jeraha lolote litaonekana limepona, kwa sababu pembeni ndiko linakoanza kufunga. Kata vipande mfululizo, tafuta kile chenye pengo kubwa zaidi, hicho ndicho unachopima. Kwa rangi ya hematoksilini na eosini pima pengo kati ya ncha mbili za ngozi mpya, urefu wa ulimi wa ngozi mpya unaotambaa kila upande, unene wa nyama mpya, na umbali kati ya kingo za utando wa msuli uliokatwa, huo umbali ndio unakuambia jeraha limevutwa kiasi gani licha ya pete. Siku ya 1 na 2 tafuta nyutrofili, ya 3 hadi 5 makrofaji kwa alama ya F4/80, ya 7 hadi 10 mishipa ya damu kwa alama ya CD31, na kolajeni kwa rangi ya trikromu ya Masson kuanzia ya 14. Kila siku unayotaka kuangalia ndani inahitaji panya wake, kwa hiyo chagua siku mbili au tatu zinazojibu swali lako.

Bloku za parafini zifungwe na namba ya panya, upande wa jeraha na tarehe, zikae kabatini pasipo jua. Nusu ya pili ya kila jeraha, ile isiyoingia kwenye formalini, igandishe ikiwa mbichi kwa ajili ya RNA na protini, na kabla ya kuiweka kwenye friza ya nyuzi hasi 80 hakikisha friza hiyo nayo iko kwenye laini ya jenereta.